Vidole Ishirini na Vinne vya Ua la Mchana

Nyinyi vijana mliokuja nyumbani wiki iliyopita na madaftari yenu, mkaniuliza, "Bi Salma, tumbawe hili na lile unayatofautishaje?", nilikujibuni vibaya. Nilisema nshasahau. Ule ulikuwa uongo. Kazi ile niliiacha nikiwa na miaka thelathini na tatu, umri ambao wenzangu ndio kwanza wanapandishwa vyeo, na sijasahau kitu hata kimoja. Ningependa kusahau. Mnasema mnataka kuotesha matumbawe ya kuuza kwa watu wenye matangi ya kioo huko nje, na hakuna kitabu cha lugha yetu kitakachokufundisheni. Basi nakuandikieni. Lakini mtapewa pamoja na yale ambayo hamkuyauliza.

Nilirudi Unguja katikati ya miaka ya tisini, nina shahada ya elimu ya viumbe vya bahari kutoka Dar es Salaam na mdomo usiotulia. Kila jambo nililoambiwa nililijibu kwa maswali mawili: "Nani kasema?" na "Umejaribu?" Mama alikuwa akisema mdomo huo utanikosesha mume na kazi. Tulikaa fleti ya Kikwajuni. Nyumba ya ukoo wa mama, waliyonyang'anywa zamani, iko Mji Mkongwe mpaka leo, na wanaokaa humo hawamjui. Mume nilimkosa, kazi niliipata. Tajiri mmoja alikuwa na ghala huko Malindi, ndani yake mahodhi ya saruji, na ndani ya mahodhi matumbawe hai aliyokuwa akiyapeleka Ulaya kwa ndege. Huko wapo watu wanaoweka kipande cha bahari sebuleni, ndani ya kioo, wakakiwashia taa. Tajiri alitaka mtu wa kuandika jina la kitaalamu la kila tumbawe kwenye karatasi za kibali, maana bila jina sanduku haliondoki uwanja wa ndege. Baba alikuwa amepooza mwaka uliotangulia, na mshahara wangu ndio ulioendesha nyumba yetu. Hilo mlikumbuke.

Siku ya kwanza niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, isipokuwa mara moja, nayo nitaifikia. Chuoni tulisoma matumbawe kwenye droo. Yalikuwa meupe, makavu, kila moja limeandikwa namba kwa wino. Ghalani nikaletewa kitu chenye nyama na ute, kimevimba kama mto wa kulalia, kijani cha kung'aa. Sikulijua hata moja. Mimi nilikuwa nawajua maiti tu. Nikafanya nilivyofundishwa: nikakata kipande, nikakitumbukiza kwenye dawa ya kung'arishia nguo ili nyama itoke nione kiunzi chake cha mawe.

Mtu akacheka nyuma yangu. "Alaa! Bi Digrii, mtu ukitaka kumjua jina lake unamchuna ngozi kwanza?"

Huyo ndiye Mzee Vuai, Mtumbatu, mkubwa wa wazamiaji wa tajiri. Uzee wenyewe hakuwa nao, hata hamsini hajafika, ila kifua chake kilikuwa kimekwisha kwa kuzamia. Alikohoa baada ya kila mzaha, kwa hiyo alikohoa kutwa.

"Sasa nimjue vipi?" nikamuuliza.

"Msalimie."

Nikadhani ananitania. Hakuwa akinitania. Alipitisha kiganja juu ya maji, bila kugusa, kivuli chake kikapita juu ya matumbawe yote ya hodhi lile. Mengine yalijikunja papo hapo. Mengine yalijikunja polepole, kama mtu mzima anayenyanyuka kitini. Mengine hayakujali. "Umeona?" akasema. "Washakutajia ukoo wao. Sasa ndio uwaulize majina."

Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa na mtu ambaye shule hakupita darasa la nne, na nimelijaribu mara nyingi kuliko nilivyojaribu chochote chuoni. Tumbawe hai litazameni likiwa hai. Tazameni linavyofunguka, saa gani, na linajikunja kwa kasi gani.

Somo la pili: msiamini rangi. Tajiri alipanga mahodhi yake kwa rangi, kijani huku, zambarau kule, kama muuza kanga. Tumbawe lile lile lililotolewa maji ya kina kifupi likakaa kwenye hodhi lenye kivuli litakuwa kahawia baada ya mwezi, na mteja aliyeagiza zambarau ataandika barua ya matusi.

Tazameni kuta. Yale matumbawe ya mviringo yanayofanana na ubongo wa mbuzi huwachanganya watu wote, hata walimu. Juu yake kuna vikombe vidogo vidogo, na kila kikombe ni nyumba ya kinyama mmoja. Wekeni jicho baina ya kikombe na kikombe. Kama vikombe viwili vinachangia ukuta mmoja, hiyo ni aina moja. Kama kila kikombe kina ukuta wake, na baina yao pana mfereji mwembamba, hiyo ni aina nyingine. Mimi nilifahamu nilipojiambia: zile ni nyumba za Mji Mkongwe, jirani akipigilia msumari kwake picha inaanguka kwako, na hizi ni nyumba za Ng'ambo, kila mtu na ukuta wake, katikati kichochoro cha kupita kuku. Na kama kuta hazifungi kikombe, zinakwenda zikipinda kama mabonde, hiyo ni aina ya tatu. Tangu siku hiyo sikukosea.

Ya matawi, tazameni ncha. Kama kwenye ncha ya kila tawi kuna kikombe kimoja kikubwa kuliko vyote, kinaongoza kama imamu na wengine nyuma yake, hilo ndilo tunaloliita pembe. Kama ncha haina imamu, limejaa vinundu tu, si pembe, hata kama muuzaji ataapa.

Lile la duara lililo kama kofia halishiki mwamba. Hukaa huru juu ya mchanga, na mdomo wake ni mmoja, katikati. Mteja mmoja alituandikia kwamba kofia lake haliamki, akatia na picha. Mzee Vuai aliishika picha ile akaitazama sana. "Kamlaza kifudifudi," akasema, "halafu analalamika haongei."

Na mimi nilikosea yangu. Kuna moja lina vikombe vyenye makali kama nyota. Mchana ni pole kabisa. Nililiweka hodhi moja na mengine, nikaacha nafasi ya shubiri, nikaona inatosha. Asubuhi majirani zake wote walikuwa na michirizi myeupe, nyama imeungua mpaka jiwe. Lile lina minyiri, mikono myembamba mirefu ya kupigania, ambayo huitoa watu wakishaondoka.

"Umelaza simba na mbuzi kitanda kimoja," Mzee Vuai akaniambia, "sasa waniuliza mbuzi kenda wapi?"

Msidhani nakuchoreeni walii. Mzee Vuai alikuwa na nyundo na patasi, na kwa mkono wake amevunja mwamba mwingi kuliko nitakaouona maishani. Nilimuuliza siku moja haoni vibaya? Akaniambia, "Naona. Na watoto wangu wanaona njaa. Yupi kaona zaidi?" Ila kulikuwa na tumbawe moja ambalo hakukubali kulivunja kabisa.

Alikuwa akiliita ua la mchana, kwa sababu matumbawe mengi hufunguka usiku, na hilo hufunguka jua likiwa kichwani. Kila kinyama chake hutoka nje ya jiwe kwa shina refu kama kidole cha mkono, na juu ya shina kuna duara la minyiri, kama ua la yasmini. Ukiliona linacheza na mkondo, hutaki kutazama kitu kingine. Wateja walililia. Kila barua iliyokuja ilikuwa na ua la mchana ndani yake, na Mzee Vuai kila mara alirudi bila hilo.

"Hili halihami," alimwambia tajiri.

"Nani kasema?" nikadakia mimi.

"Wazee wetu hawakuligusa."

"Wazee wenu walikuwa na sababu gani? Mizimu?"

"Sijui mizimu. Najua ukilitoa linakufa. Halifi leo. Linakungoja uzoee, ndio linakufa."

"Umejaribu?"

Hakuwa amejaribu, nikaona nimemshinda. Nikamwambia mimi ndiye nitakayejaribu, kwa njia ya kisomi, na kama linakufa nitamwandikia tajiri kwa mkono wangu kwamba lisiguswe daima. Nilimaanisha. Akasema, "Haya. Twende nikuonyeshe yalipo. Lakini matano, Bi Digrii. Matano, basi."

Tulikwenda kwenye mkondo ulioko baina ya Tumbatu na Mkokotoni. Maji pale yana ukungu, mpiga mbizi asiyepajua hupita juu yake asione kitu. Chini yake kulikuwa na mteremko mzima wa maua, kutoka jiwe mpaka jiwe, na pembeni yake madema ya kunasia samaki, ya watu wa kijiji cha Mzee Vuai. Samaki walikuwa wakiingia na kutoka ndani ya maua yale kama watu sokoni. Mzee Vuai alitoa matano, madogo, kila moja akiliachia kipande cha jiwe lake. Nilimuona akiyashika kwa viganja viwili.

Nikayaweka kwenye hodhi peke yao. Nikapima chumvi, nikapima joto, nikaandika kila siku. Wiki sita. Yote matano yalifunguka kila mchana, makubwa, mazuri. Nikamwita Mzee Vuai aje aone, nimejaa kiburi.

Aliyatazama akakohoa. "Wiki sita," akasema. "Mwanangu, hata mimi unifungie chumbani wiki sita, ukiniletea chai ntakuchekea."

Sikumngoja. Niliandika ripoti. Nilikuwa na haraka, na nilitaka kuonyesha kwamba elimu ina faida. Niliandika kwamba tumbawe hili linaishi vizuri likitunzwa. Na kwa kuwa ripoti nzuri lazima iseme kila kipande kimetoka wapi, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri, niliandika mahali: mkondo gani, kina gani, miti gani ya ufukweni ya kulinganishia. Nilichora hata ramani.

Tajiri hakumtuma Mzee Vuai. Aliajiri wazamiaji wengine, wenye mitungi ya hewa, akawapa ramani yangu.

Maua yakaanza kuja kwa makarai. Mzee Vuai aliingia asubuhi akayakuta yamejaa mahodhi manne. Alisimama mlangoni na barakoa yake ya kuzamia mkononi. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Wamepajuaje?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

Mwezi wa nne, yale matano yangu ya mwanzo yalianza kufunguka nusu. Mwezi wa tano vinyama havikutoka tena. Kisha ukaja utelezi wa kahawia unaonuka, ukala jiwe moja moja, na kabla mwezi wa saba haujesha nilikuwa na mawe matano meupe yaliyofaa kuwekwa kwenye droo. Nikafahamu kwa nini barua za wateja zilikuwa zinarudi na agizo lile lile. Nikaenda kwa tajiri na daftari langu.

"Yanakufa kwao pia," nikamwambia. "Yote yanakufa. Nilikosea."

Tajiri hakuwa mtu mkali. Alikuwa anakunywa kahawa. "Kuna aliyelalamika?" akauliza.

"Hawalalamiki, wanadhani makosa ni yao. Wanaagiza jengine."

"Basi?" akasema, akaninyooshea sahani ya kashata. "Lile linaloishi, Bi Salma, mtu hulinunua mara moja."

Nakuombeni mlisome tena hilo, nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii.

Nilibaki kazini. Mnataka kujua kwa nini, na mimi nimejiuliza miaka. Baba alihitaji kugeuzwa kitandani na alihitaji dawa. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mtu aliyezoea kuuliza kila kitu anaweza kupata mahali pamoja ambapo anaamua asiulize, akapafanya chumba chake cha kupumzikia.

Sasa nakufundisheni somo la mwisho, na hili mlishike kuliko yote. Ua la mchana lina ndugu anayefanana nalo. Shina refu vile vile, ua vile vile, linacheza na mkondo vile vile. Ndugu huyu ni adimu kwetu. Tofauti iko kwenye minyiri, sisi tukiita vidole: ua la mchana lina vidole ishirini na vinne kwenye kila kinyama, ndugu yake ana kumi na viwili. Kuvihesabu, zimeni pampu maji yatulie, chagueni kinyama kimoja cha pembeni, anzieni kwenye kidole kilicho karibu na nyinyi, na msipepese macho. Nilikuwa naweza kuvihesabu kabla chai haijapoa. Hapa Unguja tulikuwa watu wawili tu, nijuavyo mimi, tulioweza: mimi na Mzee Vuai.

Asubuhi moja tajiri aliniambia kibali cha ua la mchana hakikutoka tena. Wakubwa wa serikali walikuwa wameanza kuuliza maswali, na afisa atakuja kukagua. Kibali cha ndugu yake kilikuwepo, hakijaguswa. "Andika hilo la kumi na mbili," akasema. "Nani atahesabu?"

Nikaandika. Masanduku yote.

Afisa alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye adabu, na orodha mkononi. Alisimama kwenye hodhi. Ilikuwa saa sita mchana na maua yote yalikuwa wazi. Alimgeukia Mzee Vuai kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Shikamoo, mzee. Hapa wameandika vidole kumi na viwili. Ndivyo?"

Mzee Vuai alinitazama mimi. Alikuwa na watoto sita na nyundo na patasi, na tajiri alikuwa amesimama mlangoni. Sasa najua alikuwa akinipa nafasi. "Mimi sikusoma, mwanangu," akamwambia afisa. "Muulize Bi Digrii. Yeye ndiye mwenye kuhesabu."

Afisa akanigeukia. Nikasema, "Kumi na viwili."

Aliinama kuhakikisha, Mungu ampe kheri. Pampu ilikuwa inakwenda, maua yalikuwa yanayumba, alifika cha tisa akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Akacheka. "Haya mambo yenu," akasema, akatia saini.

Kesho yake Mzee Vuai alikuja kuchukua patasi yake tu. Nikasimama. "Shikamoo, Mzee Vuai."

Mzee wa Kitumbatu haachi salamu ya mtoto bila kuijibu. Hata mkiwa mmegombana, hata akiwa msibani, atasema marahaba. Yeye alinitazama usoni akasema, "Vingapi?"

Akangoja. Tajiri alikuwa ofisini, mlango wazi. Nikainamia karatasi zangu; hiyo ndiyo aibu ya pili niliyosema nitaifikia. Akaondoka.

Mimi niliondoka miaka mitatu baadaye, baba alipofariki. Sikuondoka kwa ujasiri, sababu ya kubaki ilikuwa imekwisha. Biashara ile nayo haikudumu, na tajiri sasa anauza vigae. Nasikia siku hizi huko Ulaya wapo waliojua kulilisha ua la mchana mpaka likaishi miaka. Huenda ni kweli. Sijaona. Na kama ni kweli, Mzee Vuai alikosea kwa jambo hilo moja, na mimi sikusafika hata kidogo.

Nilimwendea mwaka jana. Nilimkuta uani kwake anasuka dema, amekonda, kikohozi kimemmaliza. Nilisema shikamoo. Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa safu. Kisha akamwita mwanawe mkubwa atutoe kwa ngalawa, naye mzee mwenyewe akapanda, amejifunga shuka kifuani.

Tulifika saa sita pale mkondoni, juu ya ule mteremko wa maua. Nilivua buibui, nilikuwa na suruali na fulana ndani, Mzee Vuai akanipa barakoa yake mwenyewe. Nikazama. Mteremko ulikuwa vifusi vyenye majani ya kahawia. Nilizama mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne, kwenye ufa wa jiwe, nikaliona moja, si kubwa kuliko kikombe cha kahawa. Lilikuwa limejikunja. Nikangoja kadiri pumzi yangu ilivyoniruhusu, nikapanda juu, nikashika ubavu wa ngalawa.

"Lipo?" mzee akauliza.

"Lipo moja."

"Vingapi?"

"Limejikunja, Mzee. Havihesabiki."

"Ngoja lifunguke."

Nikazama tena, nikangoja, nikapanda. Nikazama tena. Jua lilikuwa kichwani, saa yake hasa ya kufunguka. Labda kivuli changu kililitisha, labda lilikuwa limeshakufa ndani kwa ndani; sikujua lipi, na sikutaka kulikata kipande ili nijue. Mwanawe alipiga kasia kutuzuia na mkondo mpaka mikono ikamchoka. Nilipoanza kutetemeka, Mzee Vuai aliniinamia akaninyooshea mkono kunipandisha.

"Basi," akasema. "Andika unavyotaka. Nani atahesabu?"